Chati 13 kwa faksi

Mchana wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol katika jimbo la Utah, Marekani, walibakiwa na saa chache za kujenga hoja moja: NASA isirushe chombo chake cha anga, Challenger, kesho yake asubuhi. Utabiri wa hali ya hewa ulisema Florida itapigwa na baridi ambayo hakuna chombo cha aina hiyo kilichowahi kurushwa ndani yake. Viungio vya roketi za kukisukuma chombo hicho, walizozitengeneza wao, vilizibwa kwa mipira ya duara, ile ambayo mafundi wa gereji zetu huiita oringi, ila hii ilikuwa na mzunguko wa zaidi ya mita 11. Mpira ukipata baridi hukakamaa, na ukikakamaa hauwahi kuziba gesi ya moto inapoanza kusukuma. Wakaandaa chati 13, nyingine kwa mwandiko wa mkono, wakazituma kwa faksi, kisha wakaingia kwenye kikao cha simu kilichounganisha Utah, Alabama na Florida.

Challenger ilirushwa kesho yake, saa 5 na dakika 38 asubuhi kwa saa za Florida. Sekunde 73 baadaye ikasambaratika. Watu 7 waliokuwamo wakafa wote.

Huzikumbuka chati hizo kila ninapoletewa taarifa ya ofisi na kuambiwa, "Hebu ipendezeshe kidogo." Kwa wengi, usanifu wa waraka ni mapambo: nembo juu, ukanda wa bluu chini, grafu ya rangi saba katikati. Usiku ule hakuna aliyehitaji mapambo. Kila aliyekuwa kwenye simu alikuwa mtaalamu, na chati zilikuwa na takwimu nyingi za kweli. Kasoro ilikuwa katika mpangilio. Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja tu: je, baridi na kuharibika kwa mipira vinaandamana? Katika kurasa zote 13 hapakuwa na ukurasa mmoja uliojibu swali hilo.

Chati moja ilieleza uharibifu uliowahi kuonekana kwenye mipira, lakini haikutaja halijoto. Nyingine ilitaja halijoto, lakini za roketi chache tu, na baadhi yake zilikuwa roketi za majaribio zilizowashwa zikiwa zimelazwa chini, hazikuwahi kuruka. Roketi ileile iliitwa kwa namba ya safari ya NASA hapa na kwa namba ya kiwanda pale, kwa hiyo aliyetaka kulinganisha ukurasa huu na ule alipaswa kwanza kuwa mkalimani. Anayeandika hufahamu vitu hivi kichwani mwake na haoni pengo lolote. Pengo humwangukia anayesoma.

Kisha likaja tatizo kubwa zaidi. Mhandisi Roger Boisjoly alikuwa amekagua kwa macho yake roketi zilizorushwa Januari 1985, siku ambayo mipira ilikuwa na nyuzi 12 hivi za Selsiasi, baridi kuliko safari zote zilizotangulia. Alikuta masizi meusi yamepenya kwenye grisi katikati ya mipira miwili, ishara kwamba gesi ilipita. Lakini katika chati zilezile ilikuwamo safari nyingine iliyopitisha gesi, na hiyo ilikuwa kwenye nyuzi 24, hali ya hewa ya mtu kuvaa fulana. Upande wa pili ukauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: kama gesi hupita kwenye baridi na hupita kwenye joto, baridi ina kosa gani?

Tume ya Rais iliyochunguza ajali, chini ya William Rogers, ndiyo iliyoonyesha jibu, na ililionyesha kwa grafu mbili. Ya kwanza ina safari 7 tu zilizopata uharibifu, zikiwa zimepangwa kwa halijoto. Zimetawanyika kushoto na kulia, na ukizitazama huoni uhusiano wowote. Ya pili ni hiyohiyo, ila zimeongezwa safari ambazo hazikupata tatizo lolote. Hapo picha inageuka. Safari 20 zilirushwa mipira ikiwa na nyuzi 19 au zaidi, na 3 tu kati yake ziliharibika. Safari 4 zilirushwa ikiwa na nyuzi 17 au chini, na zote 4 ziliharibika.

Jambo hili lina thamani kuliko somo lolote la rangi na fonti, kwa hiyo nilikawize kidogo. Tuseme unataka kujua kama mvua ndiyo inayokuchelewesha kazini. Ukiorodhesha siku ulizochelewa peke yake, utakuta kuna za mvua na kuna za jua, na utasema mvua haina hatia. Mpaka uziandike na siku ulizowahi ndipo utagundua kwamba hujawahi kuwahi hata siku moja ya mvua. Siku ambazo hakikutokea kitu nazo ni takwimu. Ofisini huwa tunazitupa kwa sababu haziumi: ripoti ya malalamiko ya wateja haitaji wateja wasiolalamika, ripoti ya magari yaliyoharibika haitaji yaliyokwenda njia ileile yakarudi salama. Halafu tunaulizana sababu ni nini.

Sasa chukua grafu ile ya pili uongeze doa moja, la asubuhi ya Challenger. Hewa ilikuwa na nyuzi 2 hivi. Doa hilo linakaa peke yake pembeni kabisa, nyuzi 10 nzima mbali na safari ya baridi kuliko zote zilizowahi kurushwa. Huhitaji kusoma neno.

Profesa wa Marekani Edward Tufte, aliyejulikana kwa maandishi yake kuhusu namna ya kuonyesha takwimu kwa picha, alizichambua chati zile 13 kwa ukali mwaka 1997. Boisjoly na wenzake walimjibu baadaye kwamba amewaonea. Halijoto za safari zote hawakuwa nazo mezani usiku ule, na zaidi ya hapo, kanuni ya kazi ilikuwa imepinduliwa: kwa desturi, mkandarasi alitakiwa kuthibitisha kwamba kuruka ni salama, lakini usiku ule walitakiwa wathibitishe kwamba si salama. Mimi naona wote wana haki, na ndiyo maana kisa hiki kinafundisha. Katikati ya kikao Thiokol waliomba dakika 5 wajadiliane faraghani. Zikawa kama nusu saa. Meneja mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu, ushauri ulikuwa umebadilika. Grafu nzuri haina mkono wa kumshika meneja kofia. Inachoweza kufanya ni kumnyima kisingizio cha kwamba hakuona.

Onyesho bora la takwimu katika sakata zima halikuwa hata grafu. Tarehe 11 Februari, mbele ya kamera za televisheni, mjumbe wa tume Richard Feynman alichukua kipande cha mpira uleule, akakibana kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Baada ya muda akakitoa na kukifungua. Mpira ulibaki umebonyea, haukurudi upesi kwenye umbo lake. Ni swali moja, kitu kimoja, na jibu ambalo hata mtoto analiona.

Basi tuyalete haya kwenye grafu zetu za kila siku. Mwaka 1984 watafiti wawili wa takwimu, William Cleveland na Robert McGill, walipima jicho la binadamu linasoma vipi michoro ya namba. Waligundua kuwa jicho halisomi kila umbo kwa usahihi uleule. Hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama madoa juu ya mstari au vichwa vya nguzo zilizosimama kwenye sakafu moja. Hulinganisha vibaya zaidi pembe, kisha maeneo, na likifika kwenye ujazo na ukolevu wa rangi linabahatisha tu. Kwa hiyo grafu ya duara, ile tunayoikata kama chapati, inambebesha msomaji kazi ambayo jicho lake haliiwezi. Vipande viwili au vitatu vinavumilika. Ukimpa vinane, tena vimelazwa kwa mtindo wa kuonekana vina unene, kipande cha mbele kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, naye atalazimika kusoma asilimia zilizoandikwa pembeni. Kama anasoma asilimia, si ungempa jedwali?

Grafu ya nguzo nayo ina sharti lake moja lisilo na mjadala: sakafu iwe sifuri. Urefu wa nguzo ndio ujumbe wenyewe. Ukianzia 90 ili tofauti ya 92 na 96 ionekane, nguzo moja itaonekana mara tatu ya nyingine na utakuwa umemdanganya mkubwa wako bila kuandika uongo hata mmoja. Grafu ya mstari haifungwi na sharti hilo, kwa kuwa pale jicho linafuata mwelekeo wa kupanda na kushuka. Ndiyo maana mstari unafaa miezi na miaka, ila haufai kuunganisha mikoa. Hakuna njia ya kutoka Tanga kwenda Dodoma ndani ya grafu.

Kuhusu rangi nina neno moja tu: toa nakala ya waraka wako kwa mashine ya rangi nyeusi na nyeupe, kama watakavyofanya masjala, uone kinachobaki.

Mkasa wa pili wa NASA unahusu vichwa vya habari. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 81 hivi baada ya chombo Columbia kuruka, kipande cha povu gumu la kuhami kilibanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Columbia iliendelea kuzunguka dunia kwa zaidi ya wiki mbili. Huku chini, wahandisi wa Boeing waliandaa slaidi za kuwaeleza wakubwa kama kuna hatari.

Slaidi moja imekuwa maarufu kwa ubaya. Kichwa chake, kwa maana yake, kilisema kwamba mapitio ya data za majaribio yanaonyesha tahadhari iliyozidi kuhusu vigae (vile vya kukikinga chombo na joto) kupenywa. Maana ya kitaalamu ni kwamba hesabu za kompyuta zilizoea kutabiri uharibifu mkubwa kuliko unaotokea kweli. Meneja mwenye haraka akisoma "tahadhari iliyozidi" anasikia "usiwe na wasiwasi", anahamia slaidi inayofuata. Chini yake kulikuwa na ngazi za vitone, kila ngazi imeingizwa ndani zaidi kwa herufi ndogo zaidi, na huko chini kabisa ndiko lilikofichwa jambo lenyewe: povu lililogonga bawa lilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, na lile lililotumika kwenye majaribio lilikuwa na 3. Mara 640. Kwa vipimo vya nyumbani, wahandisi walikuwa wamejaribu kwa kikombe cha kahawa ya barazani, na bawa likagongwa na ndoo moja na nusu ya lita ishirini. Yaani majaribio hayakuweza kusema lolote kuhusu hali iliyopo. Hicho ndicho kilichopaswa kuwa kichwa cha habari.

Tarehe 1 Februari, Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, na wengine 7 wakafa. Bodi ya uchunguzi ilichapisha slaidi ile katika ripoti yake, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi anavyoweza kuisoma asitambue kwamba inazungumzia uhai wa watu, na ikalaumu mazoea ya kutumia slaidi mahali pa taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kwa ukamilifu. Wapo wanaoimalizia lawama programu ya PowerPoint. Sikubaliani nao sana: programu hiyo iliingia sokoni mwaka 1987, Challenger ilikuwa imekwisha anguka, na mtu aliyezoea kuficha habari mbaya kwenye kitone cha mwisho aliweza kufanya hivyo hata kwa kalamu na karatasi.

Sisi tuna utamaduni wetu wa vichwa visivyosema kitu, na kuulinda tunaulinda. "YAH: TAARIFA YA UTEKELEZAJI WA SHUGHULI KATIKA ROBO YA PILI." Halafu sentensi ya kwanza: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nihusike na nini? Kichwa kimetaja aina ya karatasi, hakikutaja habari. Linganisha na hiki: "YAH: PAMPU 2 KATI YA 5 ZIMESIMAMA, IDHINI YA VIPURI INAHITAJIKA KABLA YA IJUMAA." Mkubwa akiishia hapo tayari ameelewa, na akitaka kujua zaidi atashuka. Nimeshaambiwa kwamba huku ni kukosa adabu, kumtupia mkubwa hitimisho kabla ya maamkizi. Naelewa. Basi weka maamkizi, yana mahali pake, ila pampu zikae kwenye aya ya kwanza. Na kila grafu ndani ya taarifa iitwe kwa jambo inaloonyesha, "Maji yaliyopotea yameongezeka tangu Machi", isiitwe "Mchoro Na. 4: Upotevu wa maji".

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kichwa kikali kinatosha. Oktoba 1985, mhandisi mwingine wa Thiokol, Bob Ebeling, alifungua waraka wake wa ndani kuhusu mipira ileile kwa neno moja lenye alama ya mshangao: Msaada! Lilisomwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chombo unachotumia kufikisha ujumbe. Kikao cha simu cha usiku ule kilikuwa na watu katika majimbo matatu wasioonana nyuso. Wale wa Alabama na Florida hawakujua nani kule Utah amenyamaza kwa hasira na nani amenyamaza kwa kukubali. Mwisho wake NASA ilitaka karatasi yenye sahihi. Mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, Allan McDonald, alikataa kuitia sahihi, kwa hiyo ikatiwa sahihi Utah na kutumwa kwa faksi. Karatasi hiyo ilibeba uamuzi na jina moja. Waliopinga hawakuonekana humo.

Ndiyo sababu naliheshimu dokezo sabili la ofisi za serikali ya Tanzania, ingawa vijana hulicheka. Linapanda ngazi kwa ngazi, kila mmoja anaandika maoni yake chini ya mwenzake na kutia sahihi, na aliyepinga anabaki amepinga mpaka mwisho wa jalada. Ni la polepole, kweli. Kundi la WhatsApp lina kasi, na kwa kuita gari au kuuliza nani ana ufunguo wa stoo hakuna kinacholishinda. Lakini uamuzi ukifanyika humo, unazikwa chini ya pole, hongera na picha za maua ya Ijumaa, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kuufukua. Kanuni yangu ni nyepesi: jambo ambalo mtu ataulizwa siku moja "nani aliamua?" liende kwenye barua, dokezo au barua pepe. WhatsApp ibebe taarifa kwamba hiyo barua imetumwa.

Na kama waraka utasomwa kwenye simu, na siku hizi mwingi unasomwa kwenye simu, basi usanifu wake ubadilike. Jedwali la safu 12 lililopangwa kwa karatasi ya A4 likifunguliwa kwenye kioo cha simu linakuwa mchwa. Toa safu tatu zinazojibu swali, nyingine ziende kwenye kiambatisho.

Kisha saa. Ofisi za Afrika Mashariki zinaishi na saa mbili kwa wakati mmoja. Kalenda ya kompyuta inaandika 9:00, mwenye kuitisha kikao anatamka saa tatu, mtu wa tatu anaandika "saa 9:00" kwenye ujumbe, na mgeni kutoka makao makuu anafika alasiri, kikao kilikwisha zamani. Dawa yake haina gharama: andika "saa 3:00 asubuhi", kamwe usiache namba bila asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kama waalikwa wamechanganyika ongeza 09:00 pembeni. Tarehe nazo, andika jina la mwezi. 03/04 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Mmarekani.

Columbia ikiwa bado angani, mhandisi wa NASA Rodney Rocha aliomba zaidi ya mara moja bawa lipigwe picha lionekane limeumia kiasi gani. Picha hazikupigwa. Akaandika barua pepe ya moto, akiwakumbusha wakubwa mabango ya usalama yaliyobandikwa kila mahali pale kazini yakisema: kama si salama, sema. Aliichapisha kwenye karatasi, akamwonyesha mwenzake. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kuwaruka walio juu yake. Hakuituma.